Kifuniko cha Laptopu ya Shemeji

Saa mbili na robo asubuhi, mtaro uliokuwa ukichimbwa kando ya barabara ulifika mbele ya geti, na mchimbaji mmoja akaukata waya wa intaneti kwa pigo moja la sururu. Aliutazama waya, akatazama kushoto na kulia, kisha akaufukia kama mtu anayezika paka.

Rula aliyaona yote kupitia dirisha la jikoni, kikombe cha chai mkononi. Hakupiga kelele. Alitazama saa ya ukutani akahesabu: mtihani ni saa nane kamili mchana, kwa hiyo zimebaki saa tano na dakika arobaini na tano.

Rula halikuwa jina lake la cheti. Dada yake ndiye aliyembandika walipokuwa wadogo, siku alipokuta kitanda chao kimegawanywa katikati kwa mstari wa chaki, na mstari wenyewe umepimwa mara tatu. Ukubwani jina lilimkaa vizuri zaidi, maana alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na madukani na sanduku la mawe ya kupimia, kuhakikisha kuwa kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Tatizo ni kwamba alikuwa mkaguzi wa daraja la pili. Daraja la pili huona mizani mbovu, huiandika, kisha humsubiri mkubwa aje kuifunga. Mkubwa akija baada ya siku nne, mizani huwa imeshapona, na muuzaji anatabasamu. Wa daraja la kwanza hufunga papo hapo kwa lakiri yake mwenyewe. Mtihani wa leo ulikuwa wa daraja la kwanza, na mwingine ungekuja baada ya miaka miwili.

Ofisini kulikuwa kunapakwa rangi, hivyo bodi ya mtihani ilimruhusu kuufanyia nyumbani, kwa masharti. Walileta kompyuta ya mezani nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na kamera ya kumsimamia. Matundu yote ya kompyuta ile yalikuwa yamezibwa kwa stika zenye mhuri, isipokuwa mawili: la umeme na la waya wa intaneti. Kamera nayo ilitaka waya wake. Waifai haikuwapo ndani ya mtambo ule, wala hapakuwa na mahali pa kuichomeka.

Rula aliipigia simu kampuni ya intaneti. Sauti laini ikamwambia mafundi watafika ndani ya siku tatu za kazi. Akashukuru, akakata, akampigia Shemeji.

Shemeji, mume wa dada yake, alikuwa fundi wa friji. Alifika baada ya dakika ishirini na laptopu yake kwapani, mkanda wa mkoba wa vifaa ukiwa umefungwa kwa kamba, na mdomo ukiwa kazini tayari.

"Nimesikia kuna msiba wa waya," alisema. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," akajibu mama yake Rula toka kwenye cherehani. "Pole na jua."

"Jua halina neno. Mwenye neno ni huyu shemeji yangu, ananitazama kama nimepunja sukari."

"Nakutazama kwa sababu umeingia na viatu," Rula alisema.

Alimweleza hali kwa sentensi nne. Shemeji alisikiliza, akajikuna kidevu, akasema bando la simu haliwezi kuibeba kamera ya mtihani mzima, akauliza kama kuna jirani mwenye intaneti ya kampuni nyingine. Alikuwapo mmoja, mwalimu wa gitaa wa nyumba ya pili, ambaye hufundisha wanafunzi kwa njia ya mtandao. Shemeji akaenda kubisha hodi. Alirudi na nywila ya waifai imeandikwa kiganjani, pamoja na deni la kazi: mwalimu alikuwa na friji inayoguna, na mguno wenyewe, kwa maelezo yake, ulikuwa nusu noti chini ya waya wa tano, ukimharibia kila somo.

"Nitamtengenezea wakati wewe unafanya mtihani," Shemeji alisema. "Sasa tuitafute hiyo waifai inafika wapi."

Alifungua laptopu akaibeba mikononi kama mtu aliyebeba sinia la mayai, akapita nayo chumba hadi chumba. Sebuleni hamna kitu. Chumbani kwa Rula, ambako mtambo wa mtihani ulishapangwa, hamna kitu. Mwisho, katika chumba cha cherehani, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, vile vijistari vya waifai vikapanda vyote.

"Hapa pananoga," Shemeji alisema.

"Mtihani uko chumba kingine."

"Kwa hiyo waifai itasafiri. Sikiliza, shemeji. Siku zote ruta ndiyo inayoilisha laptopu, si ndiyo? Leo tunageuza, mtoto amlishe mama. Laptopu inavuta waifai ya mwalimu hapa dirishani, halafu haili peke yake. Inaipitisha kwenye waya mpaka kwenye ruta yenu pale koridoni, na ruta inagawa kwako kwa nyaya mbili."

"Kwa nini tusiunganishe laptopu na kompyuta moja kwa moja?"

"Laptopu ina tundu moja la waya. Wewe una midomo miwili ya kulisha, kompyuta na kamera."

Hoja ilikuwa na miguu. Rula akaikubali.

Shemeji alitoa waya mrefu mkobani, akachomeka, akachomoa, akachomeka pengine. Akabonyeza hapa na pale. Kompyuta ya mtihani ikaandika kwamba hakuna intaneti. Akazima ruta, akaiwasha. Hakuna intaneti. Akapuliza tundu la waya kama anayepuliza filimbi. Hakuna intaneti.

"Shemeji, unajua unachofanya?" Rula aliuliza.

"Najua ninachotaka. Hicho kingine hujitokeza chenyewe."

"Hilo si jibu."

"Ndiyo maana mimi nina marafiki na wewe una rula."

Mama alicheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano. Rula hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alileta kiti na daftari, akakaa mbele ya ruta kama anavyokaa mbele ya mizani ya muuza nyama.

"Tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja," alisema. "Laptopu yenyewe inafungua kurasa?"

"Inafungua."

Akaweka alama daftarini. "Umeiruhusu igawe?"

"Nimeweka tiki. Kwenye mipangilio ya waifai, pale panaposema wengine watumie muunganisho huu, na nimechagua upitie kwenye waya."

Alama ya pili. "Waya umeuchomeka tundu gani?"

"Tundu ni tundu, shemeji."

Rula aliigeuza ruta. Mgongoni ilikuwa na matundu matano: manne ya njano yaliyopangana, na moja la bluu lililotengwa pembeni. Waya wa Shemeji ulikuwa kwenye la njano.

"Haya manne ni ya kutolea," Rula alisema. "La bluu ni la kuingizia. Umeleta maji ukamimina kwenye bomba la kutokea."

Aliuhamisha. Taa ndogo ya bluu ikawaka usoni pa ruta. Kompyuta bado ikasema hakuna intaneti, ila sasa ilichelewa kidogo kusema hivyo, na Rula aliuona huo kuwa ushahidi. Wakafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta. Humo, sehemu ya kuingizia, bado palikuwa pameandikwa jina la mteja na nywila ya ile kampuni ya siku tatu za kazi.

Shemeji aliinama akasoma, akapiga mluzi. "Kumbe inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa."

Wakafuta. Wakachagua ruta ipokee anwani yoyote itakayopewa na laptopu. Saa tano na dakika arobaini, ukurasa wa bodi ya mtihani ukafunguka, na picha ya kamera ikamwonyesha Rula akiwa na alama ya wino kwenye shavu.

"Nani kaiunganisha?" Shemeji aliwauliza walimwengu.

"Daftari," Rula alisema.

Saa mbili na dakika ishirini zilizosalia alizitumia kuulinda mnyororo ule. Laptopu ilichomekwa kwenye umeme, na Shemeji akaamriwa aipange isisinzie hata ikikaa bila kuguswa. Alipoiwasha upya kuthibitisha, Rula aliona inafunguka moja kwa moja bila kuuliza nywila.

"Laptopu yako haina nywila?"

"Ya nini? Sina siri. Picha za friji tu zimejaa humo."

"Huo ni uzembe."

"Ni uwazi, shemeji."

Kisha Rula akaandika karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza ya dirisha. Ilikuwa na mistari tisa. Usiguse waya. Usizime swichi. Usichomoe plagi. Usiwashe pasi. Usisogeze meza. Usiweke chai karibu na laptopu. Usishone, maana mtikisiko wa cherehani unaifikia meza. Usiongee kwa sauti. Usiingie chumba cha mtihani. Alimsomea mama yake mstari kwa mstari, na mama akaitikia kila mstari kama yuko msibani.

"Nimekuelewa, mwanangu. Nitashona kwa mkono. Sigusi kitu."

Shemeji aliisoma karatasi, akatikisa kichwa. "Mama, haya yote ni mazuri. Mimi nakupa moja tu. Unaiona ile taa ya bluu kwenye ruta? Ikizimika, rudisha ulichofanya mwisho."

"Ulichofanya mwisho?" Rula aliuliza. "Kama hakufanya kitu? Kama hitilafu iko kwa jirani? Hiyo si kanuni, hiyo ni ramli."

"Nusu ya friji za mji huu nimezitengeneza kwa ramli hiyo. Mtu ananiambia friji imekufa, namuuliza jana ulifanya nini, ananiambia nilisogeza kabati. Nasogeza kabati."

Saa nane kasoro kumi, Shemeji alikwenda kwa mwalimu wa gitaa, akiwa ameapishwa kwamba hatagusa swichi kuu ya umeme hata friji imtukane. Rula aliingia chumbani, akauacha mlango wazi ili joto lipungue, na kwa kona ya jicho aliiona ruta koridoni na nukta yake ya bluu. Masharti yalitokea kwenye skrini. Mtahiniwa haruhusiwi kutoka kitini. Haruhusiwi kusema na mtu wala kumwashiria. Intaneti ikikatika, kamera itaendelea kurekodi katika kumbukumbu yake. Ikikatika zaidi ya dakika tano, mtihani umefutwa.

Akabonyeza kuanza.

Maswali arobaini ya kwanza yalimpita kama njia ya kazini. Swali la arobaini na moja lilimfanya atabasamu: mizani ya mezani inaonyesha gramu mia moja zaidi kwenye jiwe la kilo ishirini, mkaguzi aanze na nini? Wanagenzi wote hujibu kwamba aifunge mizani. Rula alichagua jibu la nne, kwamba kwanza akague kama meza iko sawa. Akasonga mbele.

Katika swali la hamsini na mbili, skrini ikawa ya kijivu. Maneno yakatokea katikati: muunganisho umepotea. Chini yake, tarakimu zikaanza kushuka kutoka tano kamili.

Wazo la kwanza la Rula lilikuwa Shemeji, na lilikuja likiwa limeshatoa hukumu. Amezima umeme wa jirani. Amesahau kiapo, friji imeguna, mkono umekwenda wenyewe. Rula aliuona ule mkono waziwazi, na bisibisi ndani yake.

Kisha akatazama kona ya mlango. Nukta ya bluu haikuwapo.

Hapo ikambidi ampunguzie mtuhumiwa. Kama waifai ya mwalimu ingekatika, laptopu ingebaki hai, waya ungebaki na uhai, na taa ya bluu ingeendelea kuwaka hata ikiwa na njaa. Taa imezimika, maana yake laptopu yenyewe ndiyo imelala au imezimwa, au waya umechomoka. Hitilafu iko katika chumba cha cherehani, hatua saba kutoka kitini. Shemeji hana hatia.

Dakika nne na sekunde kumi.

Alikuwa amejua kasoro iko wapi haraka kuliko fundi yeyote, na ujuzi huo haukumsaidia kitu. Hawezi kuinuka. Hawezi kuita. Karatasi yake ya mistari tisa ilikuwa ukutani, na kila mstari ulianza na usi-. Hapakuwa na hata mmoja uliosema fanya.

Dakika tatu na nusu. Ndala zikasikika koridoni. Mama alikuwa anaelekea jikoni na kikombe kitupu. Aliipita ruta, akasimama, akarudi hatua moja. Akaiinamia ile taa kama anayemtazama mtoto aliyenyamaza ghafla. Rula alikaza macho kwenye skrini ya kijivu; kumtazama mama kungeweza kuhesabiwa kuwa ishara.

Lakini kwa kona ya jicho alimwona. Mama hakuuliza kitu. Mstari wa nane ulisema asiongee, na hakuongea. Alishika kiuno, akatazama mikono yake, akaanza kurudi nyuma kwa vidole. Kidole cha kwanza: akaigiza kunywa chai. Akakikunja. Kidole cha pili: akaigiza kukata uzi kwa meno. Akakikunja. Kidole cha tatu kilisimama hewani. Mikono yote miwili ikatandaza kitu kisichokuwapo, ikakilainisha pembeni, kwa upole.

Rula akajua.

Katika nyumba ile hakuna kilichokaa wazi. Mama alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na saba, na kila kipande kilichobaki cha kitambaa kilipata kazi. Redio ilikuwa na kifuniko. Pasi ilikuwa na kifuniko. Mtungi wa gesi ulikuwa na sketi yenye marinda. Birika lilikuwa na kofia, na kofia ya birika ilikuwa na mfuko wake wa kuhifadhia. Chungu wazi hualika nzi, mama alikuwa akisema, na kwake kila kitu kilikuwa chungu. Laptopu ile ilikuwa imeachama pale dirishani kwa saa kadhaa, vumbi la mtaro likiingia, na mama alivumilia kadiri alivyoweza. Hakugusa waya. Hakuzima swichi. Aliishusha ile sehemu ya juu, taratibu, akaitandikia kitambaa chenye maua. Hakuvunja mstari hata mmoja. Rula alikuwa ameizuia isisinzie kwa kukosa kuguswa. Hakuwa amewaza kwamba kuifunga ni njia nyingine ya kuilaza.

Ndala zikarudi zilikotoka, sasa kwa kasi.

Dakika mbili na nusu. Dakika mbili. Rula aliwaza: itaamka, halafu itauliza nywila, na mama hajui nywila. Halafu akakumbuka kwamba haina nywila. Haina kwa sababu ya uzembe. Akaufikiria uzembe huo kwa heshima ambayo hakuwahi kuupa.

Dakika moja na sekunde arobaini. Nukta ya bluu ikafumbua jicho koridoni. Skrini ikabaki ya kijivu. Rula alihesabu polepole, kama anavyohesabu akingojea mshale wa mizani utulie. Ilipobaki dakika moja na sekunde tisa, swali la hamsini na mbili likarudi mahali pake kana kwamba limetoka kunywa maji.

Akajibu. Akaendelea mpaka la themanini.

Baada ya swali la mwisho lilitokea dirisha dogo. Lilisema mtihani wake ulikatika kwa dakika tatu na sekunde hamsini na moja, na lilimtaka aandike sababu kabla ya kuwasilisha. Rula alianza kuandika: mtu wa nyumbani alifunga. Akasimama. Akafuta. Alifikiria gramu mia moja na meza isiyo sawa. Kisha akaandika: Maelekezo ya mtahiniwa hayakukamilika. Akawasilisha.

Matokeo yalikuja baada ya dakika kama sita hivi, bila mapambo. Alama ya kupita themanini kwa mia; alama yake themanini na nane; daraja la kwanza.

Katika chumba cha cherehani, alimkuta mama ameketi mbele ya laptopu iliyo wazi, mikono mapajani, kitambaa cha maua kimekunjwa mara nne pembeni kama kidhibiti mahakamani.

"Nilikufunikia vumbi tu," mama alisema. "Kwenye karatasi yako kifuniko hakimo. Nimeisoma mara mbili."

"Hakimo, mama. Kosa langu."

Mama alimtazama kuhakikisha kuwa ni bintiye yuleyule. "Umepita?"

"Nimepita."

"Basi tumshukuru Mungu. Na mkwe wangu."

Mkwe wake alikuwa anaingia wakati huohuo, kavua viatu, mikono imejaa grisi hadi viwikoni.

"Friji haiguni tena," alisema. "Mwalimu anasema sasa nyumba iko kimya mpaka anaogopa. Kuna habari gani huku?"

Rula alimsimulia kwa sentensi tano, bila kumficha lolote, hata ile hukumu ya mwanzo kuhusu bisibisi. Shemeji aliketi kwenye ukingo wa meza akisikiliza, na uso wake ukazidi kung'aa kwa kila sentensi.

"Kwa hiyo ramli yangu ilifanya kazi."

"Ilifanya kazi leo. Mara moja si ushahidi."

"Na uzembe wangu wa nywila?"

"Nao ulifanya kazi," Rula alikiri. "Ila uweke nywila."

Aliing'oa karatasi ukutani, akachukua kalamu, akaongeza mstari wa kumi kwa herufi zilezile zilizonyooka: Taa ikizimika, rudisha ulichofanya mwisho. Akairudisha mahali pake. Shemeji aliisoma mara mbili, akijifutia grisi kwenye suruali.

Mama alikuwa ameshasogea kwenye cherehani. Kitambaa cha maua kilikuwa kimekunjuliwa, chaki sikioni, mkasi mkononi.

"Hao mafundi siku tatu hawaji," alisema. "Na hiki kitu hakitakaa wazi nyumbani kwangu siku tatu. Nakishonea chake, kirefu, kikae juu kama chandarua. Njoo unipimie. Kimo chake kikiwa wazi?"

Rula alichukua utepe, akapima toka mezani hadi ukingo wa juu wa skrini, akapima tena.

"Sentimita ishirini na tisa. Weka thelathini na tano, hewa ipite."

"Haya," mama alisema, akaanza kuchora. "Sasa hiyo ungeniambia asubuhi."